Maganda ya Vitunguu, Maji ya Mvua: Kutia Uzi Rangi Nyumbani na Kuufuma Kofia ya Mtoto

Mwezi wa tatu hapa Mbale, Uganda, mawingu huanza kuufunika mlima Wanale saa nane mchana, yanakaa, yananguruma, kisha yanaondoka bila kutoa hata tone. Siku mbili tatu baadaye vumbi linalowa kidogo. Mvua inabisha hodi, bado haijaingia ndani. Ukipita kwangu siku hizo utakuta mabeseni manne uani, matupu, na gunia la maganda ya vitunguu nyuma ya mlango. Nangoja maji.

Wengi wanaonunua kofia zangu huuliza ninatumia dawa gani kupata ile rangi ya dhahabu. Dawa ipo, nitaisema, lakini kinachoamua rangi ni maji. Nilijifunza hilo kwa hasara. Nilipokea oda ya kofia sita za watoto, manjano ya dhahabu, katikati ya kiangazi. Tangi lilikuwa kavu, nikachota kwenye kisima cha pampu. Uzi ulitoka na kijani kilichochoka, kama majani ya kunde yaliyolala sufuriani. Nikadhani maganda ni machache, nikaongeza. Ukazidi kuwa mweusi. Mteja alizitazama, akanirudishia kwa adabu, na pesa yake nikamrudishia.

Kosa lilikuwa chuma. Maji mengi ya visima vya pampu yana chuma ndani yake, na chuma kikikutana na rangi ya mimea huitia giza. Maji ya mvua hayana chuma wala chokaa. Basi tuanzie hapo.

Hatua ya kwanza: pima maji kwa chai

Huhitaji maabara. Pika chai ya rangi, kali, bila sukari. Chukua vikombe viwili vyeupe, kimoja tia maji unayotaka kuyatumia, kingine maji ya mvua au ya chupa, kisha mimina chai kiasi sawa katika kila kimoja. Subiri robo saa. Kikombe kikigeuka cheusi-cheusi kama wino, maji hayo yana chuma, yaache kwa kufulia.

Mvua ya kwanza usiikinge. Hiyo inaosha mabati: vumbi la miezi mitatu, kinyesi cha ndege, na kutu. Subiri ya pili au ya tatu. Kama bati lako ni la zamani na limeshika kutu, achana na mfereji kabisa, weka mabeseni uwanjani mvua iyajaze moja kwa moja kutoka juu. Kwa gramu 100 za uzi utahitaji lita nne za kupikia na nyingine kama hizo za kusuuza. Jerikeni moja ya lita 20 inakutosha na chenji inabaki.

Hatua ya pili: tafuta sufu ya kweli

Uzi wa madonge unaouzwa madukani, ule wa kufumia masweta ya shule, mwingi ni akriliki. Akriliki ni plastiki. Ukiipika na maganda kutwa nzima itatoka kama ilivyoingia. Mimi hupata sufu kwenye mivumba, ambayo wenzetu wa Kenya na Tanzania huiita mitumba. Masweta mazito ya Ulaya hulala chini kabisa ya lundo kwa sababu hapa mjini nani anayahitaji? Wanunuzi wake ni watu wa Kapchorwa huko juu kwenye baridi, na mimi. Soma lebo: wool, Wolle, laine, lana, yote ni sufu, kwa lugha nne tofauti. Chagua jeupe, la maziwa au la kijivu hafifu.

Kabla hujalipa, geuza sweta ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Kingo zikiwa zimekatwa na mkasi kisha zikashonwa kwa ovaloki, rudisha. Ukilifumua hilo utapata vipande vya urefu wa mkono, mamia. Unalotaka ni lile ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, kingo zikiwa nzima, halafu vikaunganishwa kwa mshono unaofumuka kama mdomo wa gunia la sukari. Na kama sweta limeganda kwa kufuliwa na maji ya moto, limekuwa kama blanketi, hilo halifumuki tena.

Lebo imekatwa? Choma kidogo. Kata uzi wa urefu wa kidole, ushike kwa koleo juu ya kisosi chenye maji, uwashe. Sufu inanuka nywele zilizoungua, na majivu yake yanasagika vidoleni. Akriliki inayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Pamba inanuka karatasi. Pamba pia inashika rangi, lakini matayarisho yake ni mengine, leo siyagusi.

Hatua ya tatu: tengeneza vicha

Anza kufumua kutoka shingoni au pale uzi ulipofungiwa mwisho, huku ukiuzungusha kwenye miguu ya stuli iliyopinduliwa. Nagawa gramu 100 katika vicha vitatu: kimoja cha gramu 40 na viwili vya 30. Kila kicha kifunge sehemu nne kwa kamba ya pamba, ukiipitisha kama namba 8, na ilegee. Ukikaza, chini ya fundo patabaki peupe.

Uzi utakuwa umejikunja kama tambi. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, suuza, utundike na taulo bichi likining'inia chini yake. Kesho yake umenyooka.

Hatua ya nne: shabu

Hii ndiyo dawa. Shabu ni lile jiwe la kung'aa ambalo vinyozi hupaka kidevuni na wazee hutumia kutuliza maji ya tope. Bila shabu rangi inakaa juu ya uzi na kuondoka na kila ufuaji. Shabu inaingia katikati, inashika sufu kwa mkono mmoja na rangi kwa mwingine.

Kwa gramu 100 za uzi mkavu, saga gramu 12, sawa na vijiko viwili na nusu vya chai, vya kusawazisha. Usizidishe ukidhani unajihami, uzi utanata kama uliomwagikiwa soda. Saga polepole ukifunika pua kwa kitambaa, koroga katika kikombe cha maji ya moto mpaka iyeyuke, kisha mimina kwenye lita nne za maji ya vuguvugu. Uzi uwe umelowekwa tangu awali, saa moja angalau. Uingize, pasha moto taratibu mpaka maji yatoe mvuke na vipovu vidogo vianze kupanda pembeni, ukae hivyo saa nzima bila kutokota. Zima, uache upoe humohumo.

Sufuria hiyo ni ya rangi tu. Ya posho, yaani ugali, ibaki ya posho. Steli au enameli isiyobanduka ndiyo bora. Ya alumini inafaa kwa vitunguu. Chungu cha chuma usikiguse, sababu umeshaijua.

Hatua ya tano: maganda

Ni yale makavu ya juu tu, yanayolia yakiminywa. Ni mepesi kuliko unavyodhani: gramu 100 zinajaza mfuko mkubwa wa sokoni. Nilipoanza nilimwendea muuza vitunguu mmoja, mama mtu mzima, nikamwomba niokote yaliyodondoka chini ya meza yake.

"Unafuga nini, mwanangu?"

"Sifugi, mama. Nayapika."

"Unapika maganda!" Akamwita mwenzake wa nyanya aje asikie. Leo ananiwekea gunia kila Ijumaa, na mjukuu wake ana kofia.

Yatenganishe. Maganda ya kahawia hutoa dhahabu mpaka chungwa. Yale mekundu, ambayo ndiyo mengi sokoni kwetu, huvuta rangi kuelekea kaki, mara nyingine kijani cha mbali. Mimi huchanganya, ya kahawia yawe mengi. Uzito wa maganda uwe sawa na wa uzi. Ukiwa nayo nusu tu bado utapata manjano nzuri.

Chemsha maganda kwenye lita nne za maji ya mvua kwa saa moja. Hapa kutokota ruksa. Chuja kwa kitambaa, na usiache hata ganda moja, maana likilala juu ya uzi linaacha doa.

Hatua ya sita: kuupika uzi

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa haraka. Subiri supu ya maganda ipoe mpaka mkono uvumilie. Unywele wa sufu una magamba madogo. Ukiutoa kwenye baridi na kuutupa kwenye moto, au ukiukoroga sana, magamba hung'ang'aniana na uzi unaganda. Ingia taratibu, toka taratibu.

Weka kicha cha gramu 40 kwanza. Sigiri iwe na makaa machache, na yakizidi ukali yafunike kwa majivu. Nusu saa ya kupanda joto, kisha dakika 45 kwenye mvuke bila kutokota. Usikoroge, geuza kwa mwiko mara mbili tatu, kama unavyogeuza matoke usiyotaka yavunjike. Uzi ukiwa majini unaonekana mweusi kuliko utakavyokuwa, basi inua ncha moja, iminye, uitazame juani. Ukiridhika kitoe kwenye beseni kipoe chenyewe.

Supu haijaisha. Acha irudi vuguvugu, tia kicha cha pili. Halafu cha tatu. Cha kwanza kitakuwa chungwa la kuiva, cha pili dhahabu, cha tatu rangi ya siagi. Suuza baadaye kwa maji ya mvua ya joto la kawaida mpaka yatoke meupe. Anika kivulini.

Ukitaka kijani cha zeituni, loweka misumari yenye kutu katika siki na maji wiki mbili, kisha tia kijiko kimoja tu kwenye sufuria yenye kicha kilichokwisha kupata manjano. Kinabadilika ukikitazama. Chuma kingi hufanya sufu ikwaruze, kwa hiyo kijiko kimoja, subiri, tazama. Kile kilichoniharibia oda sasa nakiuza kwa makusudi, ila kwa kijiko.

Kuna watakaokwambia utumie manjano ya kupikia. Inapendeza siku hiyo, kisha jua linaila, na ikigusana na sabuni ya mche inageuka nyekundu-kahawia mikononi mwa mteja. Kwa biashara, hapana. Mbegu na maganda ya ovakado hutoa waridi la vumbi, zuri sana. Nitalieleza siku nyingine kwa kuwa linataka subira ya siku kadhaa.

Hatua ya saba: kofia

Kwanza funga uzi shingoni mwako dakika kumi. Ukikuwasha, utamwasha mtoto, ufumie mfuko.

Natumia ndoano ya milimita 5 kwa uzi wa unene wa sweta zito. Fuma minyororo minne, iunge iwe pete. Ninachokiita nguzo ni hiki: zungushia uzi ndoanoni mara moja, ingiza, vuta uzi, una vitanzi vitatu, vuta kupitia viwili, kisha viwili vilivyobaki. Kila mzunguko unaanza na minyororo mitatu inayohesabiwa kuwa nguzo ya kwanza, na unafungwa kwa kuunga juu yake.

Anza na uzi wa chungwa. Mzunguko wa kwanza, nguzo 12 ndani ya pete. Wa pili, mbili katika kila nguzo: 24. Wa tatu, moja, kisha mbili katika nguzo moja, mpaka mwisho: 36. Wa nne, moja, moja, kisha mbili katika nguzo moja: 48. Laza mezani upime: duara liwe na upana wa sentimita 11 hadi 12, hiyo ni ya mtoto mchanga. Likiwa dogo badili ndoano, usiongeze nguzo. Likijikunja kama sahani umekaza mkono. Likitoa mawimbi umezidisha hesabu mahali, fumua mzunguko mmoja utafute.

Kuanzia hapo nguzo moja juu ya moja, 48 kila mzunguko, mizunguko saba. Mitatu ya kwanza dhahabu, minne ya mwisho siagi. Kofia ikifika sentimita 14 kutoka utosini, kata uzi, uchomeke ncha kwa sindano butu upande wa ndani.

Wakati mwingine naongeza ua la lubugo, ile nguo ya gamba la mti wa mutuba, kahawia yake inakaa vizuri kando ya dhahabu. Lubugo halipendi kufuliwa, kwa hiyo nalibana kwa pini ya usalama upande wa mama, mtoto asilifikie, litoke siku ya kufua. Na kwenye kila kofia naambatisha karatasi ndogo: maji baridi, sabuni kidogo, usisugue, anika kivulini. Chini yake naongeza kwa kalamu: si maji ya pampu.