Boti iliyotumika Mtera: iangalie hivi kabla hujatoa hela

Wadau mnaotoka Dodoma mjini kwenda bwawa la Mtera kutafuta boti ya mbao iliyotumika, nawaomba sana msilipie chombo mlichokiona nchi kavu tu. Kiangazi cha huku mnakijua, na maji ya Mtera yanashuka maana yanatumika kufua umeme palepale na kule chini Kidatu, kwa hiyo boti nyingi zinabaki juani kwenye udongo miezi na miezi. Mbao ikikaa juani inasinyaa, maungio yanaachia, alafu muuzaji anapiga rangi mpya na wewe unaona chombo kinang'aa. Mwambie aitie majini jioni ilale humo, asubuhi nenda kaangalie. Ukikuta maji ndani usishtuke, mbao bado inavimba kuziba nafasi, ila toa maji yote, kaa hapo kama saa moja uone yanarudi kwa kasi gani na yanaingilia wapi. Yakiingilia kwenye maungio fundi anakalafati upya, yaani anaziba nafasi kati ya mbao, yanaisha, lakini yakiingilia kwenye ufa wa mbao yenyewe au pembeni ya mkuku (ule mti mrefu wa chini katikati ya boti), tafuta boti nyingine.

Beba bisibisi nyembamba. Chomachoma taratibu kwenye mkuku, kwenye mataruma (zile mbavu za ndani) ya chini ambako maji yanatuama, na zaidi ule ubao wa nyuma unaobeba injini. Mbao nzima inagoma, iliyooza bisibisi inazama kama kwenye kiazi kilichochemshwa, na rangi juu yake unaweza kukuta haina hata mkwaruzo. Misumari nayo, ukiona michirizi ya kutu imeshuka kwenye rangi ujue msumari unaliwa ndani. Kama ni faiba, gongagonga kwa sarafu kote, pale mlio unapogeuka kuwa butu mara nyingi matabaka yameachana.

Injini ndo inamaliza watu hela. Ishike kwa mkono kabla haijawashwa, ikiwa ya moto wameshaipasha kukurahisishia, subiri ipoe kabisa ndo uvute kamba mwenyewe. Ikishawaka mguu wake wa chini ukiwa ndani ya maji, angalia katundu ka kutolea maji, yasiporuka zima hapohapo maana inajipika. Legeza skrubu ya chini ya gia utoe oili kidogo, ikitoka nyeupe maji yameingia, sili zimekufa. Propela itikise tu uone kama inacheza. Alafu soma namba kwenye kibati cha injini, kikiwa kimekwanguliwa ondoka, hata bei iwe tamu vipi.

Jaribio la mwisho panda na uzito uleule utakaobeba kazini, watu na nyavu, wote na majaketi okozi, maana lile bwawa lina mamba na viboko. Angalia ukingo unabaki juu kiasi gani mkiwa mmejaa, na mkikata kona inalala au inatulia.

Karatasi sasa: usajili wa chombo, leseni, na risiti ya injini yenye namba ileile uliyoisoma. Waulize viongozi wa BMU (kikundi cha jamii cha kusimamia uvuvi) wa mwalo huo, pale boti zinapoegeshwa, boti ni ya nani, wao wanajua kama ni ya ndugu wawili wanaogombana, na mkataba andikianeni kwa mtendaji wa kijiji mbele ya mashahidi, dalali asiwe mmoja wao.