Jinsi ya kulichimba neno la nyumba mpaka ujue limefikaje serikalini, tuanze na "baraza"

Wakuu, juzi tumekaa kijiweni hapa Mwanga Kigoma, redio inasoma habari, nchi fulani huko rais kavunja baraza la mawaziri, dogo mmoja mwanafunzi akauliza kavunja kwa nyundo? Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika ila mi nikaona huyu dogo kauliza cha maana kuliko sisi wote, maana ukishuka Ujiji pale baraza ni kitu cha kuvunjwa kwa nyundo kabisa, fundi anakuja na mtarimbo asubuhi mchana hakuna kitu. Sasa neno la saruji limeendaje kukaa na mawaziri? Nikamwahidi ntamwandikia namna ya kulitafuta mwenyewe, na namna hiyo hiyo utaitumia kwa neno lolote la nyumba.

Cha kwanza usikimbilie kamusi. Nenda kwenye nyumba yenyewe uangalie hicho kitu kinafanya kazi gani. Baraza ni lile benchi la udongo au saruji lililoshikana na ukuta wa mbele, juu yake upenu unatupa kivuli. Kaa hapo jioni moja uhesabu yanayofanyika: wazee wanacheza bao, mtu anapita anasalimia anavutwa akae, kesi ya mbuzi aliyekula mihogo ya jirani inasikilizwa hapo hapo, posa zinaanzia hapo, mgeni asiyejulikana anaishia hapo haingii ndani. Bibi yangu alikuwa akiona wazee wanakuja anatuambia "ondokeni barazani, wazee wana maneno yao", na sisi tunajua leo kuna jambo. Ukishaona hivyo nusu ya kazi imeisha, kwa sababu watu walianza kuuita mkutano kwa jina la pale unapofanyika. Hawakukaa chini wakabuni.

Na kama unataka ushahidi wa hapa hapa nyumbani, Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871 aliandika walivyokaa: jukwaa la udongo chini ya upenu mpana wa nyumba, pametandikwa mkeka na juu yake ngozi ya mbuzi, Livingstone anamlazimisha mgeni akalie yeye hapo, watu wamejaa mbele wanawatazama. Mi nikisoma hivyo naona baraza tu, benchi na kikao kwa pamoja. Watu wanakwenda pale kwenye mnara wanapiga picha na ile salamu maarufu, hakuna anayeuliza walikalia nini.

Cha pili, angalia vitenzi. Hii ndo njia rahisi ya kujua neno liko nyumbani au limeshahama. Baraza linasakafiwa, linafagiwa, linapigwa chokaa, hapo ni nyumba. Baraza linaundwa, linaitishwa, linaahirishwa, hapo ni watu. Alafu kuna vitenzi vya katikati, hivyo ndo vitamu, kama hicho cha kuvunja kilichomchanganya dogo, na "kukaa" pia, sisi tunakaa barazani na baraza lenyewe nalo linakaa, wanasema baraza la madiwani limekaa jana. Kitenzi kikikubali pande zote mbili ujue hapo ndo penye daraja neno lilipovukia. (Kwanza Kiswahili uongozi wote ni kukaa tu, angalia kikao, mwenyekiti, makao makuu, sijui nani atatufundisha kusimama.)

Cha tatu ndo sasa nenda vitabuni, tena anza na vya zamani. Edward Steere, yule askofu wa Zanzibar, karne ya 19 alipokusanya maneno ya Kiswahili tayari baraza analo kwa maana zote mbili, kiti cha mawe nje ya nyumba na pia mkutano wa sultani na watu wake. Kwaiyo ukisikia mtu anasema neno hili lilipata maana ya mkutano kwa sababu ya serikali ya kikoloni, mwambie hapana, walilikuta. Sisi tumeendelea kulitanua tu, BAKITA ya 1967 ile B ni baraza, BASATA hivyo hivyo, BAKWATA hivyo hivyo, kuna baraza la mitihani, baraza la Idd, baraza la kata, mpaka baraza la ardhi na nyumba ambalo ukilifikiria ni benchi la nyumba linaloamua kesi za nyumba.

Asili yake wengi wanairudisha kwenye mzizi wa Kiarabu b-r-z, maana yake kutokeza, kujitokeza nje mahali pa wazi. Ukilitazama lile benchi lilivyotokeza ukutani, na mtu akikaa hapo anavyokuwa hadharani, inakaa vizuri. Na likasafiri, wafanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa wanaotoka Kalemie na Uvira utawasikia wanasema barza, hata Kifaransa cha Kongo kimelibeba hivyo kwa maana ya veranda.

Cha nne, linganisha na wenzetu, hapa mi ndo nilishangaa. Waingereza mawaziri wao wanawaita kabineti, na hilo nalo mwanzo ni neno la nyumba, ila ni chumba kidogo cha ndani, cha faragha, mlango umefungwa. Wao wameingia chumbani sisi tumetoka nje kivulini, kazi ile ile! Alafu chukua neno diwani. Hilo ni la Kiajemi, mwanzo lilikuwa daftari la kumbukumbu, ndo maana mpaka leo mkusanyiko wa mashairi tunauita diwani, likawa ofisi, likawa baraza la watawala, huko Ulaya likaishia kuwa kochi refu la kukalia. Yaani baraza limetoka kwenye kiti likawa mkutano, diwani limetoka kwenye mkutano likawa kiti, na wewe unasema "Baraza la Madiwani" kila siku kama kawaida.

Sasa dogo jaribu mwenyewe na dirisha. Nakuanzishia: ni la Kiajemi pia, dar ni mlango, daricha ni mlango mdogo, kilango. Kwaiyo watu wa mpira mkisema "dirisha dogo la usajili" mnasema kilango kidogo, udogo mara mbili. Angalia vitenzi vyake, linafunguliwa, linafungwa, la usajili, la mkopo wa chuo, la tiketi pale stesheni. Uone kama kuna kitenzi kimoja cha dirisha la ukutani kinachokataa kwenda kwenye dirisha la usajili, mi nimepata "kufuta vumbi" tu. Ukimaliza hapo chukua kizingiti, na kabla hujafungua kamusi nenda kamuulize bibi kwa nini alikuwa anatukataza kukaa kizingitini.