Kupanga Safari ya Siku Moja Juu ya Vilele vya Mawe vya Masasi

Msafiri anayetoka Mtwara kuelekea Masasi, akishaipita Ndanda, huanza kuona majabali makubwa yaliyochomoza kutoka kwenye tambarare, ukiwemo Mkomaindo, ambao jina lake limepewa hospitali ya mji, na Mtandi, ambao chini yake limejengwa kanisa kuu la Kianglikana. Kutoka barabarani milima hii huonekana kama ya kupanda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Kwa kilele kimoja huenda ikawa hivyo. Kwa viwili au vitatu katika siku moja, kazi ni nzito kuliko inavyodhaniwa, na karibu makosa yote niliyoyaona kwa vikundi nilivyoviongoza yalitokana na kupanga safari ya kupanda bila kupanga safari ya kushuka. Kwa hiyo mimi huipanga siku nikianzia mwisho wake.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Huku kusini mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Katika miezi hiyo usipande, kwa sababu utando wa kijivu na mweusi unaoota juu ya mwamba huteleza sana unapolowa, na pia radi hupiga vilele. Juni na Julai ndiyo miezi ninayoipendekeza: mwamba umekauka na jua halijawa kali. Kuanzia Septemba joto la mawe huwa kubwa mno mchana, na moto wa kuandalia mashamba huweza kupanda mlimani haraka kuliko mtu anavyoweza kushuka.

Hatua ya 2: Omba ruhusa na uliza njia

Siku moja kabla ya safari, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, umwamkie, umweleze mnakwenda wapi na mko wangapi. Huu si utaratibu wa heshima peke yake. Wazee wa chini ya mlima wanajua mapango yenye nyuki, mahali pa matambiko pasipofaa kukanyagwa, na njia ambayo wachunga mbuzi huitumia kushuka. Mzee mmoja aliwahi kuniuliza, “Mwanangu, mtateremkia wapi?” kabla hata sijamaliza kumwambia tutapandia wapi, na tangu siku hiyo swali hilo ndilo ninalojiuliza kwanza. Ukipata kijana wa mtaani anayeijua njia, mlipe vizuri na umsikilize.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya muda

Hapa ndipo penye moyo wa mpango. Mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa mwaka 1892 kanuni ambayo hadi leo inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5 za kutembea, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo haikuhesabu kushuka, wala haikutungwa kwa ajili ya majabali ya Masasi. Mimi huongeza mambo mawili: muda wa kushuka mwamba mkali nauhesabu kuwa sawa na ule wa kupanda, kisha jumla yote naiongezea theluthi yake kwa ajili ya mawe na joto.

Chukua mfano wa mzunguko wa kilomita 12 wenye jumla ya mita 900 za kupanda. Kutembea ni saa 2 na dakika 24, kupanda saa moja na nusu, kushuka saa moja na nusu. Jumla ni saa 5 na dakika 24. Ongeza theluthi, yaani saa 1 na dakika 48, upate saa 7 na dakika 12. Ukiweka na saa moja ya kupumzika, siku yako ina zaidi kidogo ya saa 8 za kazi.

Ukumbuke pia kwamba mingi ya milima hii imesimama peke yake. Baada ya kilele cha kwanza utateremka karibu hadi tambarare ndipo uanze kupanda tena, kwa hiyo mita za kupanda zijumlishwe mlima kwa mlima. Hali hiyo inachosha, lakini ina faida kubwa, kwani kila unapofika chini kati ya mlima na mlima unaweza kuikatisha safari na kupata bodaboda ya kurudi mjini.

Sasa hesabu kinyumenyume. Mwezi Juni jua huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni, na giza letu halichelewi: nusu saa baadaye huoni pa kuweka mguu. Panga kuwa umeshafika chini saa 9 alasiri, na saa 10 iwe mwisho kabisa. Kwa mfano wetu, mtaondoka saa 12:45 asubuhi, kukishapambazuka. Andika pia saa ya kugeuka, tuseme saa 6 na nusu mchana: ikifika na hamjawa kwenye kilele cha mwisho, mnarudi, hata kama kilele kiko umbali wa kutupa jiwe. Saa hiyo ikubaliwe na wote mkiwa bado chini, kwa sababu juu kule hamu ya kufika huvuruga hesabu.

Hatua ya 4: Maji na chakula

Wakati wa kiangazi usitegemee kupata maji juu ya mwamba. Beba nusu lita kwa kila saa ya kutembea na uongeze akiba, kwa sababu kwenye mwamba uliopata joto mtu huweza kuhitaji hadi lita nzima kwa saa. Kwa safari yetu nabeba lita 5, ambazo ni kilo 5 mgongoni. Lita 2 kati ya hizo naziacha kwenye nyumba iliyo chini ya mlima wa pili. Beba na pakiti za chumvi ya kurudisha maji mwilini (ORS) za kuchanganya katika lita moja ya maji, au vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Korosho, karanga, ndizi na viazi vilivyochemshwa vinatosha.

Hatua ya 5: Vifaa

Raba zenye soli isiyolika, kofia, suruali ndefu, tochi hata kama mnakusudia kurudi mchana, bandeji na filimbi. Kandambili zibaki nyumbani. Ishara ya kuomba msaada ni milio 6 ya filimbi kwa dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha milio 6 tena. Namba za dharura ni 112 kwa polisi na 114 kwa Zimamoto na Uokoaji.

Hatua ya 6: Juu ya mwamba

Mwamba wa hapa hubanduka kwa matabaka kama maganda ya kitunguu. Kabla ya kuning'iniza uzito wako kwenye bamba la jiwe, ligonge kwa kiganja. Likitoa sauti ya uwazi, liache. Hakikisha viungo vitatu kati ya mikono miwili na miguu miwili vimeshika kabla ya kuhamisha cha nne, na usitie mkono kwenye ufa usioona ndani, kwani nyoka hujificha humo. Akiuma, mtulize mgonjwa, kitulize kiungo, usichanje wala usifunge kamba, mpelekeni hospitali.

Nyuki wakitoka, funikeni nyuso mwondoke kimya kwa njia mliyojia, bila kukimbia penye ukingo.

Mahali ambapo huwezi kupashuka, usipapande. Penye mteremko wa wastani shuka ukitazama mbele, uzito ukiwa juu ya nyayo na si juu ya makalio. Pakiwa pakali, geuka utazame mwamba. Penye mawe yaliyolegea ashuke mtu mmoja mmoja, na kila anayeangusha jiwe apaze sauti, “Jiwe!”

Hatua ya 7: Acha ratiba kwa mtu

Mwandikie mtu mmoja wa mjini majina yenu, njia mtakayopita na saa ya mwisho ya kufika chini, naye ajue kwamba saa 11 jioni ikipita bila simu yenu atampigia mwenyekiti. Mkishafika chini, mpigieni yeye kwanza, hata kabla ya kuvua viatu.