Kununua pikapu ya zamani ya Land Cruiser Dar

Anzia chini ya gari, injini baadaye. Hewa ya chumvi ya pwani hula chesisi (fremu ya gari), hasa mahali springi za nyuma zinapofungwa. Gonga kwa nyundo ndogo: ikilia kama debe au magamba ya kutu yakidondoka, achana nayo. Chini kukipakwa rangi mbichi, shuku zaidi.

HZJ75, modeli mojawapo ya pikapu hizi, ina injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda 6. Iwashe ikiwa ya baridi. Ukiikuta imeshapashwa moto, huenda muuzaji anaficha ugumu wa kuwaka; rudi kesho asubuhi.

Ukishalinganisha namba ya chesisi na kadi, ukalipa, badilisha kwanza mkanda wa taimingi na tensheni yake (puli inayoukaza). Mkanda ukikatika, valvu hugonga pistoni na injini huharibika. Mipira ya rejeta ifuate. Spea zipo Kariakoo.