Somo: Kujenga grini ya gofu ya nyasi bandia nyuma ya nyumba, kwa ardhi yetu ya Dodoma

Wiki hii nimeulizwa mara nne nilivyojenga grini yangu hapa Ilazo, na kila mara naanza upya. Leo naandika yote. Soma hadi mwisho kabla hujauliza.

Ninachozungumzia ni kile kipande cha kusukumia mpira shimoni tu. Viwanja ninavyochezea viko Morogoro na Dar, siendi kila wiki. Kilichoninyoosha mkono ni robo saa ya kila jioni nyumbani.

1. Pima eneo. Langu ni mita 4 kwa 6. Roli nyingi za nyasi zina upana wa mita 2 au 4; chukua ya 4 uepuke kiungo.

2. Chimba sentimita 15, ng'oa mizizi yote, mwaga dawa ya mchwa.

3. Kushindilia. Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Nilimwaga kokoto zilizosagwa pamoja na vumbi lake zote kwa mpigo, zikiwa kavu, nikapitisha kompakta, ile mashine ya kushindilia, mara tatu. Juu pakawa pagumu kama sakafu, nikatandika nyasi kwa furaha. Januari mvua ikaja kwa namna yake ya hapa, nyingi kwa muda mfupi, na pale ulipopita mtaro wa zamani wa bomba pakatitia. Kila mpira uliopita hapo ulikata kushoto. Nilibandua kila kitu, nikaanza upya kuanzia chini.

Kompakta ndogo inashika sentimita chache za juu tu, chini kunabaki kulegea. Kwa hiyo mwaga tabaka la sentimita 5, lowanisha mpaka ukifumbata kiganjani linashikana bila kuchuruzika, shindilia, ndipo uweke tabaka la pili. Kama eneo lina mtaro au shimo lililowahi kufukiwa, lifukue na ulijaze upya kwa tabaka hizohizo. Kama udongo wako ni ule mweusi wa mbuga, tafuta sehemu nyingine ya kiwanja, kwa sababu unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na grini itaufuata. Najua maji ya boza ni ghali. Bana matumizi kwingine, si hapa.

4. Juu yake vumbi la kokoto sentimita 3, nalo lishindiliwe. Mteremko sentimita 1 kwa kila mita, maji yaondoke nyumbani. Pitisha rula ya aluminiamu ya mafundi wa plasta kila upande. Palipo na mwanya, jaza.

5. Mashimo kabla ya nyasi. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108 na kina kisichopungua milimita 101.6. Kopo linaloingia shimoni lishikwe na zege pembeni, chini uache kokoto maji yanywee.

6. Nyasi: urefu wa milimita 10 hadi 15. Za bustani, za milimita 30 au 40, mpira unazama. Zianike juani kwa muda wa saa mbili zilegee mikunjo, kisha ukate na kupigilia misumari ya inchi 6 pembeni.

7. Mwaga mchanga wa silika uliokauka, kidogokidogo, ukisugua kwa ufagio mgumu kinyume na mlalo wa nyasi.

MASWALI

Mwanachama, Nzuguni: Mkuu, siwezi kutandika juu ya udongo moja kwa moja? Na bei?

Jibu: Hatua ya 3. Bei inategemea eneo lako, na hukulitaja.

Mwanachama, Kisasa: Fundi wangu anasema kushindilia kwa tabaka ni kupoteza muda, amejenga nyumba nyingi.

Jibu: Simkatalii kwa nyumba. Nyumba haisukumiwi mpira. Mimi nimelipia kosa hilo mara mbili, kulijenga na kulibomoa. Uamuzi ni wako.

Mwanachama, Makulu: Shikamoo kaka. Naweza kutumia kipande cha bomba la inchi 4 badala ya kopo? Na nitajuaje kama mpira unakwenda kasi inayotakiwa?

Jibu: Marahaba dada, maswali mazuri. Bomba hilo lina milimita 110 kwa nje, kwa hiyo ndani ni pungufu ya 108. Shimo litabana kidogo. Kwa mazoezi si hasara, ukizoea hilo shimo la uwanjani litakuwa pana machoni. Kasi hupimwa kwa stimpmita, aliyoibuni Mmarekani Edward Stimpson mwaka 1935. Ni mfereji mnyoofu wenye kituo cha mpira inchi 30 kutoka ncha ya chini. Unainua taratibu mpaka mpira ujiachie wenyewe, kisha unapima umbali kwa futi. Seremala anaweza kukuchongea wa mbao. Hautalingana na wa viwandani, ila utakuonyesha kama grini yako inabadilika. Ikiwa nzito, ongeza mchanga. Unajaa kati ya nyasi na mpira unateleza zaidi.

Mwanachama, Iyumbu: Mchanga wa korongoni haufai? Uko bure.

Jibu: Una tope jepesi. Ukilowa na kukauka unagandamana, maji hayapiti. Kama huna budi, uoshe mpaka maji yatoke meupe, uanike, uchekeche.

Mwanachama, Mkonze: Mimi ninayo mwaka wa pili. Watoto wasikanyage peku saa nane mchana, inachoma. Namwagia ndoo moja ya maji kwanza. Na kuku wafungiwe, wanachokoa mchanga wote.

Jibu: Asante sana mkuu, la kuku sikuliandika. Niongeze la madirisha: vioo vinavyorudisha mwanga vinaweza kuyeyusha nyasi hizi. Simama pale saa tisa uangalie mwali unapoangukia kabla ya kuchimba.

Mwanachama, Nzuguni: Mita 3 kwa 5 mkuu.

Jibu: Sasa tunaelewana. Kokoto pekee, kwa sentimita 10, ni mita 1.5 za ujazo zikishashindiliwa. Agiza 2, zinashuka. Ukipata bei ya tripu huko kwenu, iweke hapa tuipigie hesabu.