Linux Mint haishiki mtandao? Anza na kilicho karibu

Kabla hujaifuta Linux Mint (mfumo endeshi wa kompyuta) ukaipakia upya kwa sababu haishiki mtandao, subiri kwanza. Ninauza na kutengeneza laptopu za mtumba hapa Morogoro, na mashine nyingi zinazoletwa kwa malalamiko ya "Linux haina intaneti" mfumo wake ni mzima. Kilichokatika ni kipande kimoja tu cha njia. Kitafute kuanzia ndani ya laptopu, ndipo uende nje.

Bonyeza Ctrl+Alt+T, terminali (dirisha la kuandikia amri) ifunguke, kisha andika:

nmcli device

Kifaa cha waifai huanza na herufi wl, cha waya en. Kama wl ipo lakini imeandikwa unavailable, andika rfkill list. Ukikuta "Soft blocked: yes", amri ya rfkill unblock wifi inatosha. Ikiwa ni "Hard blocked: yes", acha kuandika amri, tafuta swichi: kwenye ThinkPad T420 iko ubavuni, na mkoba huisukuma ikajizima.

Kama wl haipo kabisa, hapo ndipo watu wanapokata tamaa, na ndipo ninapowasihi wasikate. Andika:

lspci -nnk | grep -A3 -i network

Ukiona jina Broadcom, kwa mfano BCM43142, na hakuna mstari wa "Kernel driver in use", kinachokosekana ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Linux kutumia kifaa cha waifai. Utaipakuaje bila intaneti? Chomeka simu kwa kebo ya USB, kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB, na Mint itaipokea kama mtandao wa waya. Zima kwanza masasisho ya kujiendesha yasije yakala bando lako lote. Kisha:

sudo apt update
sudo apt install bcmwl-kernel-source

Ikikuomba uweke nenosiri la Secure Boot (ulinzi unaokagua programu mashine inapowaka), liweke na ulikumbuke. Mashine ikiwaka upya itakuja skrini ya buluu: chagua Enroll MOK, uandike nenosiri lile lile. Ukiipita skrini hiyo, draiva haitafanya kazi.

Waifai imeshika lakini kurasa hazifunguki? Andika ip route uone anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1. Ijaribu kwa ping, amri inayouliza kama mashine nyingine inajibu: andika ping -c 4 ukifuatisha anwani hiyo, halafu 1.1.1.1 (anwani iliyoko nje kwenye intaneti), halafu google.com. Ruta isipojibu, sogea karibu nayo au iwashe upya. Ruta ikijibu na 1.1.1.1 ikanyamaza, angalia bando kabla ya kumlaumu mtu. Namba ikijibu na jina likakataa, shida ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba:

nmcli connection modify "Nyumbani" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes
nmcli connection up "Nyumbani"

Badala ya Nyumbani andika jina la waifai yako. Usifanye hivi kwenye waifai ya hoteli, maana ukurasa wao wa kuingilia unaweza kugoma.

Na kama ping zote zinajibu lakini kivinjari kinadai kila tovuti si salama, tazama tarehe. Laptopu kuukuu yenye betri ya CR2032 (betri ndogo ya kutunza saa) iliyokufa hurudi nyuma miaka, na vyeti vinavyothibitisha usalama wa tovuti vinakataliwa. Rekebisha saa, kisha nunua betri hiyo. Ni ya bei ndogo.

Ukishindwa kabisa, usimwambie fundi "haifanyi kazi" tu. Mpelekee majibu ya amri journalctl -u NetworkManager -b, yaani kumbukumbu za mtandao tangu mashine iwashwe.