Kutambua mimea ya dawa kando ya Mto Ssezibwa: anza na yenye sumu

Wageni ninaowatembeza kando ya Mto Ssezibwa, Uganda, hufika wakiuliza dawa ya tumbo ni ipi, ya presha ni ipi. Huwa sijibu mapema. Kwanza nawaonyesha mnanaha, kisha mbarika, ndipo tunaanza kutembea. Ukishajua kinachoweza kukulaza hospitali, macho hutulia na kuangalia vizuri. Utaratibu wangu ni huu, nao utakufaa hata kwenye mto mwingine na mwongozaji mwingine.

1. Siku na mavazi

Njoo mvua zikiwa zinaisha, yaani Mei au Desemba, wakati mimea ina majani na maua kwa pamoja. Fika asubuhi. Vaa suruali ndefu na gambuti, beba daftari na penseli (wino ukilowa husambaa). Usiingie majini kupoza miguu, hasa penye maji yaliyotulia na majani mengi. Konokono wanaoeneza kichocho hupenda hapo hapo.

2. Mwenyeji kwanza

Maporomoko ya Ssezibwa, kati ya Mukono na Lugazi kwenye njia ya Kampala kwenda Jinja, ni eneo la urithi la Ufalme wa Buganda. Ukilipa kiingilio usidhani umenunua ruhusa ya kuchuma. Inasimuliwa kwamba mama aitwaye Nakangu alijifungua pacha hapa, nao hawakuwa watoto ila mito miwili, Ssezibwa na Bwanda. Mpaka leo watu huja na maombi na sadaka zao. Kwa hiyo majani uliyoyakuta juu ya jiwe huenda yamewekwa na mtu. Uliza kabla ya kugusa au kupiga picha. Ukikutana na mama mzee mwite jjajja, yaani bibi, na usiharakishe salamu.

Mwongozaji nawe umpime. Akikutajia dawa, muulize: "Nani hapaswi kuitumia?" Anayejua atataja wajawazito, watoto, au mtu anayemeza dawa nyingine za hospitali. Akisema inatibu kila kitu na haina madhara, basi furahia maporomoko.

3. Yenye sumu

Mnanaha, ambao Waganda huuita amaduudu, huota kwenye udongo uliochokorwa na kando ya njia. Ua lake ni refu kama tarumbeta, tunda lina miiba. Mmea wote ni sumu: kinywa hukauka, mboni hupanuka, mtu huanza kuweweseka. Mbarika una majani mapana yaliyogawanyika mithili ya vidole. Mafuta yake yanajulikana kila mahali, lakini mbegu mbichi huua. Wa tatu ni oluwoko, mmea unaoparamia wenye vishada vya matunda madogo. Katika 1964 mtafiti wa Ethiopia, Aklilu Lemma, aligundua konokono waliokufa mtoni chini ya mahali ambapo akina mama walifulia nguo kwa matunda yake, na utafiti wa kuutumia dhidi ya kichocho ukaanzia hapo. Kinachoua konokono hakina kazi tumboni mwako. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaounywa kutoa mimba, na wengine hawaponi.

Kanuni yangu ya kuonja ni fupi: usionje.

4. Mmea mmoja kwa wakati

Hapa ndipo utumie muda wako. Chuchumaa kwenye mmea mmoja, na usiinuke mpaka umeushika kwa vidole, pua na macho.

Chukua omujaaja, ndugu wa kivumbasi. Zungusha shina kati ya vidole: lina pembe nne. Majani yamekaa mawilimawili yakitazamana. Fikicha moja, unuse; ni harufu ile ile inayotoka kwenye chai ya nyumba nyingi za Buganda. Pembe nne bila harufu hiyo, huo ni mmea mwingine. Harufu inayofanana kwenye shina la mviringo, mwingine pia.

Kishona nguo, au ssere kwa Kiganda, utaujua hata usipoutafuta, kwani mbegu zake nyeusi zitakuwa zimeng'ang'ania suruali. Angalia jani lililogawanyika vipande vitatu hadi vitano, na ua lenye kitovu cha manjano. Majani yake hupondwa na kubandikwa kwenye mkato mdogo ili damu ikome. Mkato mdogo, narudia.

Kisha ebbombo, unaotambaa juu ya vichaka: jani la umbo la moyo, harufu nzito isiyopendeza, tunda la rangi ya chungwa lenye vinundu. Wengine huutumia kwa homa, lakini homa Uganda kapime malaria kwanza. Mimi huuonyesha zaidi kwa sababu ya abalongo, yaani pacha. Wazazi wa pacha huvikwa ebbombo kwenye sherehe zao, na kwenye mto uliozaliwa pacha, mwongozaji asiyeutaja kanyima wageni utamu wa safari.

Mimea mitatu au minne kwa siku inatosha. Anayekuonyesha thelathini anakusomea orodha.

5. Uliza sehemu gani

"Mmea huu ni dawa" ni sentensi nusu. Mululuza una majani machungu sana, nao hutumika kwa minyoo na homa. Huko Mahale, Tanzania, watafiti katika miaka ya 1980 walimwona sokwe mtu mgonjwa akichubua chipukizi lake, akitafuna kiini na kufyonza maji yake, huku akiyaacha majani na gome. Mwegea nao, wenye matunda yanayoning'inia kama soseji, hutumika kwa magonjwa ya ngozi, ila tunda bichi likiliwa ni sumu. Andika daftarini: sehemu ipi, mbichi au kavu, ya kunywa au ya kupaka.

6. Mizizi iache

Mulondo huuzwa barabarani Kampala kama dawa ya nguvu za kiume, na kinacholiwa ni mzizi. Ukiung'oa umemaliza. Ukiuona porini, usiweke picha yenye eneo mtandaoni.

7. Kielelezo

Mwongozaji akiruhusu, kata tawi moja lenye majani na ua la mmea usiouelewa. Lilaze ndani ya gazeti, ukandamize kwa vitabu vizito, ubadilishe gazeti kila siku mpaka likauke. Andika tarehe, mahali, urefu wa mmea, rangi ya ua kabla haijafifia, na jina ulilopewa kwa lugha ya hapo. Ukiwa bado na shaka, Chuo Kikuu cha Makerere kina hifadhi ya mimea mikavu. Peleka tawi pamoja na karatasi yake ya maelezo.